Daftari Lako Lisilowe: Kuweka Kumbukumbu za Shamba Wakati wa Mvua

 

Leo sikuletei mbegu mpya wala dawa mpya. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho bei yake haifiki hata kilo moja ya ufuta. Kitu hicho ni daftari na penseli. Nasema hasa na ninyi wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Somanga na Miteja, ushuke Nangurukuru, Mavuji na Kiranjeranje, uvuke Mto Mbwemkuru mpaka Mchinga, Rutamba na Ng'apa. Wa mahali pengine pia mnakaribishwa, maana mvua hailowanishi daftari la mtu wa Lindi peke yake.

Huku kwetu, kama unavyojua, tuna msimu mmoja mrefu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukolea Machi na Aprili, kisha hukatika Mei. Kazi zote kubwa zimo humo. Unapanda mahindi na mtama, unapanda mpunga mabondeni, unachomeka muhogo, unapanda ufuta, unapalilia, unanyunyizia dawa, unalala kwenye dungu kuwafukuza nguruwe pori. Basi tazama mambo yalivyo: siku zenye mengi ya kuandika ndizo siku ambazo karatasi haikai. Kiangazi kikija karatasi ni kavu, lakini yale uliyotaka kuyaandika umekwisha kuyasahau.

Wazee walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli kabisa. Lakini je, daftari lenyewe likipotea kwa maji tufanyeje? Hilo ndilo jambo letu la leo, na kabla sijakuelekeza wewe, acha nikueleze lililonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa bwana shamba mgeni, nimetoka chuoni juzijuzi. Nikapewa kazi ya kufanya majaribio ya ufuta katika kijiji kimoja cha ndani, upande wa Kilwa. Kaya tisa zilinikubalia. Kila kaya ilitoa robo ekari, ikagawanywa nusu kwa nusu: upande mmoja mbegu ya Ziada 94, upande wa pili Lindi 02. Zote mbili ni mbegu zilizotoka kwa watafiti wetu wa Naliendele, Mtwara. Swali la wanakijiji lilikuwa moja tu: kati ya hizi mbili, ipi inafaa udongo wetu? Jibu langu ndilo lingewaambia wanunue ipi mwaka unaofuata.

Mimi nilikuwa na daftari zuri, kubwa, lenye jalada gumu. Nikaandika kwa kalamu ya wino kwa mwandiko wa kupendeza. Niliandika tarehe za kupanda, mimea iliyoota, shamba la nani lina mbegu ipi upande upi. Kila shamba nikachomeka kijiti chenye kibandiko cha karatasi. Nikajiona mtaalamu kweli.

Mwishoni mwa Aprili nilikwenda kuwatembelea. Mvua ikanikuta njiani, na kijito nilichokivuka asubuhi kwa kukunja suruali, jioni kilinifika kifuani. Mkoba niliubeba kichwani, lakini mguu uliteleza, nikaenda chini pamoja nao. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari. Kurasa zilikuwa zimegandamana kama unga wa maandazi uliokandwa, na wino umetiririka mpaka ukurasa mzima umekuwa wa bluu. Nikajipa moyo kwamba vibandiko vya mashambani vitanisaidia. Nilipovifuata nilikuta vijiti vitupu. Mvua ile ile ilikuwa imevipitia.

Ufuta ulivunwa, ukapimwa, kila shamba nusu kwa nusu. Uzito tulikuwa nao. Tusichokuwa nacho ni kujua uzito upi ni wa mbegu ipi! Niliitisha mkutano chini ya mwembe nikasema ukweli. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama mmoja mtu mzima aliniambia polepole, "Mwanangu, sisi tumekupa ardhi na jasho. Wewe tulikuomba namba tu."

Mama huyo huyo ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Hebu njoo shambani kwangu." Kumbe siku ya kupanda alikuwa ameniuliza Ziada iko upande gani, naye akachomeka kijiti kibichi cha mbono upande huo. Mbono ulikuwa umechipua, una majani. Tena alikuwa na uzi wa ukindu kautundika kwenye boriti, na kila siku iliyonyesha mvua amefunga fundo moja. Hakusoma darasa hata moja. Katika mashamba tisa, shamba lake peke yake ndilo lililotoa jibu, na shamba moja halitoshi kukishauri kijiji kizima. Ikabidi majaribio yarudiwe. Watu wale walingoja mwaka mzima kwa sababu ya daftari langu lililolowa.

Tangu siku hiyo, ndugu mkulima, mimi na kalamu ya wino shambani tumeachana.

Huenda ukasema, "Bwana shamba, hayo ni mambo yenu ya majaribio. Mimi shamba langu nalijua kichwani." Haya, tuangalie mambo matatu tu.

La kwanza ni muhogo. Pwani yetu inasumbuliwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na pia batobato. Ugonjwa wa michirizi ni wa siku nyingi. Uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga. Dalili zake kwenye majani unaziona wakati wa mvua, mmea ukiwa umevaa majani yake yote. Kiangazi majani yanapukutika, na shina lenye ugonjwa linaweza kuonekana zuri sawasawa na zima. Sasa wewe unakata vipando lini? Mara nyingi ni baada ya majani kupukutika. Kama Machi hukuandika kwamba mstari wa tatu na wa saba una dalili, Novemba utachukua vipando vya mstari wa tatu na wa saba, upande ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

La pili ni dawa ya wadudu. Umenyunyizia ufuta saa 2 asubuhi, mvua imeshuka saa 5. Je, dawa imekwisha kushika au imeoshwa? Jibu linategemea dawa yenyewe na saa zilizopita, na maelezo yake yapo kwenye kibandiko cha chupa. Lakini kama hukuandika ulimaliza saa ngapi na mvua ilianza saa ngapi, utabaki kubahatisha. Ama utarudia bure na kupoteza fedha, ama hutarudia na wadudu wale.

La tatu ni kupanda. Ufuta hautaki kufukiwa chini sana, na hautaki maji yaliyotuama. Mvua kubwa ikipiga siku mbili baada ya kupanda, udongo hujifunga na mbegu haitoki. Mtu anasema, "Mbegu nilizouziwa ni mbovu." Inawezekana. Lakini mwenye daftari atatazama tarehe, ataona, "Aa, nilipanda tarehe 20 Februari, tarehe 21 na 22 ikanyesha usiku kucha." Huyo hatagombana na muuza mbegu, tena mwakani atapanda kwenye mwinuko kidogo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Unaandikaje penye maji?

Anza na penseli. Nunua penseli ya kawaida ya watoto wa shule, ile ya HB. Kile cheusi kilichomo ndani ya penseli hakiyeyuki kwa maji, wala jua haliondoi rangi yake. Karatasi ikilowa kidogo, peni hukwama na kuandika hewa, lakini penseli huendelea. Ichonge pande zote mbili, ili upande mmoja ukivunjika usirudi nyumbani. Ifunge kwa uzi kwenye daftari, kwa sababu penseli ikianguka kwenye matope ya mpunga huioni tena.

Pili, uwe na madaftari mawili. Moja ni dogo la kuingia mfukoni, tuliite daftari la matope. La pili ni kubwa, daftari la nyumbani, nalo halitoki nje hata siku moja. Shambani unaandika kwa kifupi kwenye lile dogo. Jioni, mikono imeoga na taa imewashwa, unanakili kwenye lile kubwa. Hii ndiyo nguzo ya mazungumzo yetu ya leo. Daftari la matope likilowa leo, utakuwa umepoteza siku moja tu. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa sababu kila kitu nilikitia katika daftari moja, nikalibeba kichwani mvuani.

Tatu, daftari dogo lipe nyumba. Mifuko laini ya plastiki ya kubebea mizigo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitafute. Tumia kopo la plastiki lenye mdomo mpana na mfuniko wa kusokota, au shona kifuko cha kipande cha turubai chenye kifuniko cha kukunja mara mbili. Kopo au mfuko uliokuwa na sumu ya wadudu usiutumie hata ukiuosha mara kumi. Ndani ya kopo tia kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na ukapoa. Mchele hunyonya unyevu, kama vile akina mama wanavyotia punje chache kwenye kichupa cha chumvi. Ukiona umekuwa laini, ukaange tena. Jalada la daftari lipake mshumaa, usugue mpaka ling'ae, matone yatateleza.

Nne, chagua mahali pa kuandikia. Usisimame chini ya mkorosho ukadhani umejikinga, kwani mvua ikikatika mti huendelea kudondosha matone nusu saa nzima. Ofisi yako ni dungu. Pale juu pana paa na upepo, na udongo uko mbali. Jiwekee desturi kwamba kabla hujashuka dungu, au kabla hujaondoka shambani, umeandika mstari mmoja. Ukisema utaandika ukifika nyumbani, utafika umechoka, utakuta wageni, na kesho hutakumbuka kama mlipalilia mistari kumi au kumi na miwili.

Mstari wenyewe uwe mfupi. Kwa mfano: "20 Feb. Bondeni. Ufuta, nusu ekari, mbegu kilo 1. Vibarua 2. Mvua saa 10 jioni, kubwa." Basi. Tarehe, mahali, kazi, kiasi, mvua. Mambo matano, vidole vya mkono mmoja.

Na kama mikono imejaa tope? Chukua kokoto. Kila ndoo au kila mstari unaomaliza, hamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Ukimaliza kazi, nawa, hesabu, andika. Asiyejua kuandika afunge fundo kwenye ukindu kama yule mama, na jioni mtoto wa shule amwandikie. Usimwonee mtu haya. Wewe ndiye mwenye habari, mtoto anakuazima mkono tu.

Tano, vibandiko vya mashambani. Karatasi haifai. Chukua kopo tupu la soda, lile la bati laini, likate vipande vya upana wa vidole viwili, ukiangalia usijikate. Weka kipande juu ya gazeti lililokunjwa, kisha andika kwa ncha ya msumari ukikandamiza. Maandishi yanachimbika, na mvua haina pa kuyafutia. Toboa tundu, funga kwa waya kwenye kijiti au kwenye tawi la mkorosho. Waya uache nafasi, usilibane tawi likinenepa, wala usipigilie msumari kwenye shina. Hivyo mikorosho yako inaweza kuwa na namba, na utajua mti namba 14 ulizaa nini mwaka jana na mwaka huu.

Sita, pima mvua. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka na kitako bapa. Liweke mahali peupe, juu ya kigingi imara, mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti huo. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula, soma milimita, andika, mwaga. Uzingatie kuwa rula nyingi haziandikwi sifuri mwanzoni kabisa mwa ncha, kwa hiyo kile kipande cha ziada kikate. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Ukipata milimita 25, ekari yako moja imepokea zaidi ya lita laki moja. Ukiwa na hesabu ya miaka mitano hivi, hakuna atakayekudanganya juu ya mvua ya shamba lako.

Usidharau jambo hili la mvua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika nchi yetu, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ndani ya mkoa wetu huu wa Lindi. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari Mtwara. Lakini kule Kongwa hawakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua na udongo wa pale. Mvua zikawa chache, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Matrekta walikuwa nayo, ndugu yangu. Habari za mvua ndizo walizozikosa.

Sasa neno juu ya stakabadhi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ziliingia katika mfumo wa stakabadhi ghalani, na ufuta nao ukafuata baadaye. Unapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimiwa, unapewa karatasi, na fedha zinakuja baada ya mnada. Karatasi ile ndiyo korosho zako. Na korosho tunavuna miezi ya mwisho wa mwaka, wakati manyunyu yameanza. Usiiweke kwenye mfuko wa shati ukapanda bodaboda nayo mvuani! Iweke ndani ya lile kopo. Ukifika nyumbani nakili kwenye daftari kubwa tarehe, kilo, daraja na namba ya stakabadhi. Risiti za dukani zinazotoka kwenye mashine hufifia zenyewe kwa joto, kwa hiyo nazo zinakili mapema. Mwenye simu ya kupiga picha apige picha ya ukurasa kila Jumamosi, iwe akiba. Lakini asiitegemee simu peke yake, maana simu nayo huzimika, na simu nayo huingia maji.

Daftari la nyumbani lilale wapi? Lisilale sakafuni, kuna mchwa. Lisikae chini ya makuti yanayovuja. Litie kwenye ndoo yenye mfuniko au sanduku la bati, ulining'inize au uliweke juu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, basi siku ya jua lifungue lipunge upepo kivulini.

Na ikitokea ajali, daftari likalowa, usibandue kurasa kwa nguvu. Usilianike juani wala usiliweke karibu na moto, litajikunja na kuchanika. Lisimamishe kivulini penye upepo, na kurasa zikianza kuachana tia vipande vya gazeti katikati, uvibadilishe kila vinapolowa. Likikaribia kukauka, liweke chini ya tofali. Ulichoandika kwa penseli utakisoma.

Nimalizie hivi. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko upande wa Somanga, mito ikapanda, mashamba yakaenda na maji. Siku kama hizo zikija tena, anayekuja kuorodhesha hasara atakuuliza: ekari ngapi, zao gani, ulipanda lini? Mwenye shamba akijibu "nyingi kidogo", karatasi itaandikwa hivyo hivyo, kidogo. Mwenye daftari kavu atafungua kopo lake na kusoma.

Basi kabla mazungumzo haya hayajakutoka kichwani, mtume mtoto dukani akuletee penseli moja na madaftari mawili. Usingoje msimu ujao. Mstari wa kwanza uandike leo: tarehe, mahali, kazi, kiasi, mvua.

Yule mama wa mbono alipata jibu lake, na wenzake wanane wakalipata mwaka uliofuata. Safari hiyo niliandika kwa penseli.